Kiuno Kisichotajwa

Bwenini, 9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, na sanduku langu limefika na kufuli lake, jambo ambalo wenzangu wawili hawawezi kulisema. Nimepewa kitanda cha juu, karibu na dirisha linalogoma kufungika. Madaftari ninayo, sabuni ninayo, kalamu zimeshaanza kupotea. Wewe hujambo? Cherehani nayo haijambo? Jirani muuza viatu bado anaazima mkasi wako wa kitambaa na kwenda kukatia raba?

Baba alinileta mpaka mlangoni mwa bweni. Lori aliliacha nje ya geti likiunguruma, akabeba sanduku mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Ngazi ni chache, Shangazi, watoto wa kidato cha kwanza wanazipanda wakikimbia. Alipofika juu akashika ukuta, akawa anasoma tangazo la usafi. Tangazo lile lina mistari miwili tu. Alilisoma mpaka nikaona aibu, halafu nikaona hofu, maana jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio na asubuhi ile palikuwa na baridi. Wasichana wakaanza kunong'ona. Yeye akajipiga tumbo, akawaambia kwamba madereva wenzake wanamwita Buldoza lakini wasidanganyike, suruali aliyovaa aliinunua mwaka aliopata leseni na mpaka leo inamkaa sawasawa.

Nikaangalia viatu vyangu. Mimi na wewe tunajua kwa nini inamkaa.

Nilikuwa mdogo sana nilipoanza kukushikia kitambaa ukifumua mshono wa nyuma wa suruali zake. Unaongeza kidogo, unapiga pasi, unazitundika pale pale alipoziacha. Uliniambia fundi mzuri hataji kiuno cha mtu. Ndiyo maana wateja wanakupenda. Unawazungushia futikamba, unaibana kwa kidole gumba pale ilipofika, unaenda nayo hivyo hivyo mpaka mezani na kuchora kwa chaki. Namba haisemwi wala haiandikwi popote. Nilidhani mafundi wote duniani wanapima hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Ni la somo tu, usishtuke. Nesi wa shule anataka tuulize nyumbani ni nani katika ukoo ana presha, na wazee waliotangulia walikufa na nini. Babu alikufaje hasa? Nesi amesema majibu nimpelekee yeye mwenyewe chumbani kwake, si darasani.

Barua hii nitampa Baba akipita, kwa hiyo bahasha naishona kama ulivyonifundisha, uzi wa bluu. Si kwamba atafungua. Mwenyewe anasema hata vibao vya barabarani anavisoma kwa kulazimishwa. Lakini kumpa mtu abebe maneno yanayomhusu yeye kunafanya mikono yangu iwe baridi.

Mtoto wako,
Konokono


Dukani, 27 Februari

Konokono wangu,

Marahaba, tena mara mbili, kwa kuwa umeandika herufi zinazosomeka. Mimi nipo. Cherehani ipo, inalalamika kuliko mimi. Muuza viatu hajabadilika. Jana karudisha mkasi ukiwa na gundi, nikamwambia aende akanyolee nao ndevu kwanza ndipo aniletee.

Kazi imenifunika. Kuna harusi, na bibi harusi ana mashoga sijui amewaokota wapi, wote wanataka gauni la aina moja na hakuna wawili wenye mabega yanayofanana. Nakaa kitini tangu nafungua mlango mpaka naufunga. Chupa ya chai iko mkono wa kulia, na unajua chai isiyo na sukari ya kueleweka hainishuki. Karanga zangu za chumvi ziko kwenye droo, zinalala pamoja na vifungo. Jioni miguu inakuwa mizito hadi viatu vinakataa kuvuka kisigino. Ni uchovu tu. Siku ukiwa mkubwa ofisini kwako utaniletea cherehani ya umeme na kiti chenye mgongo.

Baba yako alipita. Alikula, akalala kitini na kijiko mkononi, akakoroma mpaka muuza viatu akaja kuuliza ni nani kaacha lori linaunguruma ndani ya nyumba. Alipoamka alisema amechoka kuliko alivyokuwa kabla ya kulala. Nikamtengenezea suruali zake. Kitambaa cha akiba ndani kimekwisha kabisa, kwa hiyo nimetia kipande chini ya mkanda, rangi ile ile. Hataona.

Kuhusu swali la nesi wako. Babu yako aliteleza bafuni kwenye sabuni. Hilo unalijua, ukoo mzima unalijua. Mwandikie kwamba sisi tuna ugonjwa wa sabuni. Presha ni ya watu wenye nafasi ya kukaa na kujisikiliza.

Uvae sweta.

Shangazi yako


Bwenini, 8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sweta nimevaa. Huku mvua inanyesha na bweni zima linanuka viatu. Dirisha nimeliziba kwa gazeti. Jaribio la jiografia nimefanya vizuri. La hesabu tuliache lipumzike.

Nesi nilimpelekea habari ya sabuni. Hakucheka. Aliniuliza kama Babu alikuwa akiumwa kichwa kabla ya siku ile, kama alikuwa mnene, kama mdomo wake ulikwenda upande. Nikasema nilikuwa bado sijazaliwa. Chumba chake ni kidogo, kina mizani, kitanda chenye shuka la plastiki, na mashine ya presha. Ni kitambaa kinachozungushwa mkononi, kinajazwa upepo mpaka kinabana kama mkono wa koti lililoshonwa na fundi aliyesinzia. Halafu kinaachia taratibu na namba inabaki pale, mbele ya macho, naye anaitaja kwa sauti. Nilishtuka, Shangazi. Sijawahi kuona mtu anapimwa halafu namba yake inasemwa hivi hivi. Alikuwa anampima rafiki yangu mmoja.

Nesi anasema mtu anaweza kukaa na presha miaka na asisikie chochote, akacheka, akabeba mizigo. Anasema mara nyingi haiji peke yake. Inafuatana na kiuno kinachopanuka na sukari inayopanda kwenye damu. Inapenda chumvi, sigara, kukaa kutwa bila kutembea, usingizi wa kukatikakatika wenye kukoroma, na inapenda zaidi nyumba ambayo imeshawahi kuingia. Kila alipotaja jambo nilimwona Baba, mpaka nikatamani anyamaze.

Baba alipita Jumamosi. Tulikaa ndani ya lori. Akanipa soda, akafungua chipsi zake na kuzinyunyizia chumvi kabla hajaonja hata moja. Kisha sigara, kisha kahawa nzito ya kwenye chupa ili asisinzie njiani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika sentensi kwenye kiganja. Kwa lugha ya darasani, Shangazi, mimi naweza kujaza kurasa tatu juu ya moyo na mishipa ya damu, na mwalimu akaandika sifa pembeni kwa wino mwekundu. Kwa lugha ya nyumbani, mbele ya baba yangu, nilifungua mdomo nikamwuliza kama barabarani kulikuwa na vumbi. Akasema lipo. Basi, mazungumzo yakaishia hapo, na sentensi ikanifutikia kwenye chupa ya soda.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Akileta tena suruali, usiongeze. Mwache aone. Baba haamini kuumwa kichwa wala kuhema, anaamini ile suruali. Mtu akimwambia aende kupimwa anamwonyesha mkanda. Wewe ndiye unayemfanya ashinde kila ubishi.

Samahani kwa sentensi hiyo ya mwisho. Nimeshaiandika kwa wino.

Konokono


Dukani, 3 Aprili

Konokono,

Marahaba. Barua nimeipata. Rafiki yako mpe pole.

Baba yako ni dereva. Dereva akianza kuutilia shaka mwili wake, usukani nao unamtilia shaka. Wakubwa zake wakilisikia hilo neno presha watamkalisha mtu mwingine kwenye kile kiti, na wewe unasoma kwa kile kiti. Umelifikiria hilo, au nesi wako hakulifundisha?

Mtu anakuja kwangu kutafuta nguo, haji kuhukumiwa. Nimeona watu wazima wakitoka kwa mafundi wengine wameinamisha kichwa kwa sababu ya namba iliyotajwa mbele ya foleni. Kwangu hawatoki hivyo.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa duka lilifungwa kwa siku kadhaa. Nilipumzika. Kichwa tu. Gauni za harusi nilimpa fundi wa mtaa wa pili azimalizie.

Suruali za baba yako nimeziongeza. Soma vitabu vyako.

Shangazi


Bwenini, 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hapa ndipo huwa naandika kwamba sijambo. Leo nimekaa na kalamu juu ya neno hilo mpaka wino umetoboa karatasi, kama unavyoona.

Barua yako niliitazama sana kabla ya kuifungua. Wewe unashona bahasha kana kwamba ni shela ya bibi harusi. Safari hii mishono ilikuwa imepinda, na mmoja umeruka. Na gauni za harusi umempa fundi wa mtaa wa pili, yule unayemwita mshona magunia. Sikuulizi. Naandika tu kwamba nimeona.

Hakuna rafiki. Ni mimi.

Mwanzoni mwa muhula nesi alipima darasa zima. Wenzangu waliambiwa waende, mimi nikaambiwa nikae, ninywe maji, nitulie. Akapima tena. Akaniita siku nyingine, na nyingine. Namba yangu iko juu kuliko inavyotakiwa kwa msichana wa umri wangu. Hajaniita mgonjwa. Anasema ni onyo, na kupata onyo mapema ni bahati. Nimeilia hiyo bahati chini ya blanketi huku nimeuma shuka ili wa kitanda cha chini asisikie.

Anataka kujua ni kiasi gani imetoka kwenye ukoo na ni kiasi gani imetoka kwangu. Iliyotoka kwangu naijua. Nanunua vile vipaketi vya supu ya unga, navilamba vikavu nikisoma, chumvi tupu. Soda nakunywa kama maji. Michezo nakwepa kwa sababu sitaki mtu anitazame nikikimbia. Nakesha, halafu nasinzia darasani. Na sketi yangu nimeifumua. Ulikuwa umeniachia kitambaa kingi ndani, kama vile ulijua. Kimekwisha. Niliongeza mwenyewe kimyakimya chooni, nikaipitisha pasi ya kuazima, nikaivaa na kujiambia kwamba inanikaa sawasawa. Nilipokuwa nakata uzi ndipo nikatambua nimemsikia nani akisema hivyo.

Sikulaumu, Shangazi. Tangu Mama alipotutoka, huo ndio upendo ninaoujua, wa kuongezewa bila kuambiwa. Nilikuwa na raha ndani yake. Lakini sasa kitambaa kimekwisha, changu na cha Baba.

Amesema mwezi wa tano atapewa safari ndefu, ile ya milimani, siku nyingi yuko peke yake na zile kona. Nikifumba macho namwona ameshika ukuta anasoma tangazo la mistari miwili, ila ukuta haupo, ni usukani. Nakuomba apimwe kabla hajaondoka. Na uniambie habari ya Babu. Kama ni lazima nitetemeke, basi nitetemekee kitu cha kweli.

Uzi wa bluu umekwisha, nimetumia mweusi. Usidhani ni msiba.

Konokono


Dukani, 24 Mei

Konokono wangu,

Kabla ya salamu: baba yako yu mzima, yuko hapa nje anabishana na muuza viatu. Nimeanza na hilo kwa sababu barua hii inaletwa na dereva mwingine, na mimi najua kichwa chako kinavyokimbia.

Sasa marahaba. Nimechelewa kwa kuwa sikuwa na wa kumtuma, na nilitaka kwanza majibu ya pili ya daktari. Pia niliogopa. Andika hilo la tatu mbele ya yote.

Sabuni ilikuwa kavu. Ilikuwa bado ndani ya karatasi yake. Mimi ndiye niliyefungua mlango wa bafu. Babu yako alikuwa sakafuni, mdomo umekwenda upande kama nesi wako alivyouliza, na nilipomshika mkono haukunishika. Kiharusi. Alikuwa ameambiwa apunguze chumvi na anywe dawa kila siku. Alizinywa mpaka akajisikia mzima, akaziacha. Watu walipofika kuuliza nikasema sabuni, kwa kuwa mtu aliyeteleza hana wa kumsema. Baba yako alikuwa safarini. Aliporudi alikuta sabuni imeshakuwa habari ya ukoo, naye akaichukua hivyo.

Barua yako aliileta yeye mwenyewe, mwisho wa Aprili. Niliisoma nimesimama, yeye anakunywa chai. Akaniuliza Konokono anasemaje. Nikasema anakusalimia. Akaniachia suruali akaenda kulala. Nilizitundika bila kuzigusa.

Asubuhi alivaa ile ya safari. Kifungo hakikufika. Akavuta pumzi, akavuta tena, akacheka, akasema nimeipiga pasi ya moto mno imesinyaa. Nikamwambia haijasinyaa. Akaivua, akaigeuza nje ndani atazame nilichoharibu. Hapo, mwanangu, sikuwa na pa kujificha. Ndani ya suruali ile kuna kazi yangu ya miaka yote, mshono kando ya mshono, matundu ya sindano kila nilipofumua, na kile kipande chini ya mkanda. Alivipitishia kidole kimoja kimoja.

"Dada, hizi zote ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Mtu anaulizaje kitu asichokijua?"

Nikachukua futikamba nikamzungushia, na kidole gumba nikakiweka kando. Nikasoma. Nikaitaja kwa sauti, mlango wa duka ukiwa wazi: inchi arobaini na sita. Muuza viatu alikuwa kizingitini anarudisha mkasi. Aliuweka mezani taratibu, akaondoka.

Baba yako alikaa kwenye kiti changu, na suruali magotini. Nikamweleza ya sabuni. Kisha nikamweleza yako. Hukuniruhusu, nalijua, na utanisamehe au hutanisamehe, ukifika tutaonana. Ya Babu aliyasikiliza ameketi. Aliposikia ni wewe aliinuka, akavaa suruali ile ile bila kifungo, mkanda ndio umeshikilia kila kitu, akasema twende.

Zahanati walimpima mikono yote miwili, wakamtuliza kwenye benchi, wakampima tena. Daktari akamwuliza anaendesha nini. Alipoambiwa, akasema lori lipumzike kwanza. Presha iko juu sana, na sukari kwenye damu imeanza kupanda. Tuliporudi baada ya wiki mbili ilikuwa imeshuka, lakini si ya kumpandisha milima. Safari ile amepewa mwingine, ndiye huyu anayekuletea barua. Ofisini wamemweka uani, anasimamia upakiaji. Kama kile kiti atarudishiwa hatujui. Haongei sana siku hizi. Sigara, tangu tutoke zahanati, ameshaacha mara tatu.

Nilitaka kumalizia hapo. Nilishachukua sindano nishone bahasha, nikairudisha.

Nesi wa zahanati alisema, na mama naye akae. Nikamwambia mimi ni msindikizaji. Akasema kiti ni hicho hicho. Yangu ilikuwa juu kuliko ya baba yako. Ile siku ya mwezi wa tatu, kabla duka halijafungwa, nilianguka chini ya meza ya kukatia. Muuza viatu alinikuta pale sakafuni, nikamwambia natafuta sindano. Akapiga magoti akanisaidia kuitafuta.

Sasa kila asubuhi tunakunywa dawa pamoja, mimi na baba yako, tukitazamana kama watoto waliofikishwa kwa mwalimu. Jioni tunatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, yeye mbele, mimi nyuma, kila mmoja akidai anamsubiri mwenzake. Karanga zote nimempa muuza viatu. Chai bila sukari naimeza kama adhabu, lakini naimeza.

Mishono ya bahasha hii itazame vizuri. Nimeshona kwa mkono uliotulia.

Shangazi yako


Bwenini, 31 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako.

Mwezi mzima lori halikupita. Nilikuwa nikisikia injini nzito barabarani nasimama katikati ya somo, mwalimu ananiuliza nataka kujibu swali, naketi. Jana mlinzi akaja kuniambia lori la baba yako liko getini. Nilikimbia. Mimi, nilikimbia uwanja mzima, watu wakitazama. Mlango ukafunguka akashuka mtu mwembamba nisiyemjua, ameshika bahasha yenye uzi wako. Sijui nilikaa chini saa ngapi. Yule dereva aliogopa kuliko mimi. Alikuwa anasema baba yako hajambo, binti, ameniambia niseme hajambo kabla sijakupa chochote, hajambo. Alilirudia neno hilo mpaka likapoteza maana, na mimi bado sikulisikia. Nilikata uzi kwa meno.

Nilikasirika kwamba ulimwambia. Nilizunguka bweni na hasira yangu nikitafuta pa kuiweka, nikakosa. Kinachonirudia sana ni muuza viatu amepiga magoti anatafuta sindano ambayo haipo. Mpe salamu zangu. Usimwambie kwa nini.

Nesi nimempelekea habari ya kweli ya Babu. Aliisikiliza mpaka mwisho, akasema nikushukuru. Akanipima. Imeshuka kidogo, au nilikuwa nimetulia zaidi. Anasema siku moja haitoshi kujua. Vipaketi vya supu nimeacha. Soda nimeacha, isipokuwa Ijumaa iliyopita. Jioni natembea naye kuzunguka uwanja, yeye anaongea, mimi naitikia. Bado naogopa, Shangazi. Kichwa kikiniuma hata kwa njaa nasimama kimya nasikiliza damu yangu, kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango. Nesi anasema hofu hiyo nayo ina haki ya kupumzika. Sijui inapumzishwaje.

Dereva aliniletea ujumbe mwingine wa mdomo kutoka kwa Baba. Amesema likizo atakuja kunichukua kwa basi, atapanda ngazi za bweni, na akifika juu hatasoma tangazo. Dereva akasema hakuelewa maana yake lakini aliambiwa nitaelewa. Nilielewa. Kwa hiyo na yeye aliniona siku ile nilivyokuwa namtazama, na sote wawili tukaangalia pembeni.

Tunafunga mwezi ujao. Nitakuja na ile sketi, na nakuomba usiiguse. Usiifumue nikiwa nimelala, usiipige pasi na kuitundika nilipoiacha. Nataka nisimame pale mezani, mlango uwe wazi, hata muuza viatu awepo na mkasi wake. Unizungushie futikamba, kidole gumba ukiweke kando, na uitaje namba yangu kwa sauti.

Halafu unipe mimi hiyo futikamba, nikuzungushie wewe.

Konokono